Mwaka wa Maji, Mama Alipohamia kwa Nélida

Puerto Ceibal, 9 Februari 1998

Mdogo wangu Eleuterio,

Nadhani barua hii itakukuta umekaa kizingitini na kibuyu chako cha mate, ile chai yetu ya majani machungu, na Mama yuko nyuma yako analalamika kwamba maji umeyachemsha mno, umeyaunguza majani. Mimi ni mzima. Joto limetukalia kifuani mji mzima. Mchana hata mbwa wa bandarini hawabweki. Wanalala kivulini wakiota, miguu inatikisika kama wanakimbia mahali. Dawa ya macho ya Mama nimempa Don Prudencio wa boti la duka, pamoja na uzi wa kijivu aliouagiza. Mwambie uzi wa buluu haupatikani, asikusumbue.

Coca anakusalimu, yule mwenye sauti nene uliyemwona nami kwenye mgahawa wa stesheni. Na Zulma amejifungua mtoto wa kike, mwenye nywele kama amevaa kofia. Kwa hiyo nyumba yetu sasa ina wanawake watatu na nusu.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Wewe unajua kazi yangu, na mimi najua kwamba unajua, na tumeishi hivyo vizuri, kama watu wawili wanaopishana kwenye daraja jembamba bila kukanyagana. Mama yeye anajua napangisha vyumba. Lakini Bunge la mkoa limeletewa muswada. Mwanamke akisimama barabarani kwa kazi yetu, jela siku thelathini. Mwanamume akizungumza naye, faini. Na nyumba wanamoishi wanawake wa kazi hiyo zaidi ya mmoja itaitwa danguro, na mkubwa wa nyumba ataitwa kuwadi. Hapa mkubwa ni mimi, maana mkataba wa pango una jina langu. Yaani kwa kumpikia Zulma supu ya uzazi nitakuwa nimemfanyia ukuwadi.

Tumeomba kusikilizwa, na kamati imekubali. Anatakiwa mmoja aseme kwa niaba ya wote. Coca kasema, "Nikisema mimi watadhani ni dereva wa lori kavaa sketi." Zulma ananyonyesha. Nimebaki mimi. Watataka jina kamili, na redio ya mkoa itarusha kila kitu, Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Machi, asubuhi.

Siku hiyo naomba betri za redio yenu ziwe zimekufa. Usiniulize zaidi.

Dada yako,
Nélida


Visiwani, Laguna Honda, 26 Februari 1998

Dada,

Tumepokea dawa, uzi na salamu. Mama anasema uzi wa buluu upo, ila wewe hukutafuta. Macho yake hayajambo asubuhi. Ikifika mchana anaona ukungu, lakini anasikia mpaka samaki wakigeuka chini ya maji. Mto unapanda kidogo kidogo. Magugu ya mtoni yanateremka kutoka kaskazini, visiwa vizima vya majani na maua ya zambarau, na juzi kimoja kilipita na korongo amesimama juu yake, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Mama ameota farasi wanatembea juu ya maji bila kulowa kwato. Anasema ndoto hiyo ni ya mafuriko. Mimi nikamwambia ni ya supu nzito aliyokula jana yake.

Nyuki wamejaa asali ya maua ya mierebi. Ng'ombe wawili wamezaa. Mwalimu wa shule ya kisiwani amehama. Mpe Zulma pole na hongera.

Kuhusu betri, nimeelewa.

Ila nakuuliza, lazima uwe wewe? Mji huo mkubwa haukosi mwanamke mwingine mwenye mdomo. Huku tunajuana kwa vikohozi, Nélida. Mtu akipiga chafya Laguna Honda, jirani wa ng'ambo anasema afya.

Mvua inaanza. Naenda kufunika mizinga.

Tero


Puerto Ceibal, 15 Machi 1998

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa korongo wako kama hajashuka. Sisi wazima. Mtoto wa Zulma ameitwa Abril ingawa Aprili haijafika, kwa kuwa mama yake anasema hapendi kusubiri.

Nimeshasema. Nilivaa sketi ya kijani na viatu vya Coca, vilivyonibana mpaka nikasahau kuogopa. Ukumbi ule una madirisha marefu, na jua lilikuwa linaingia na vumbi lake likielea, na nilipoitwa niliona kama si mimi ninayetembea, ni mwanamke mwingine anayefanana nami, mimi nimebaki kitini namtazama. Wakamuuliza jina. Akasema, Nélida Gauna. Umri? Arobaini na sita. Kazi? Akasema kazi yake, kwa lile neno lake. Hapo nikarudi ndani ya mwili wangu, maana kipaza sauti kililia.

Mjumbe mmoja, Mheshimiwa Iturbe, mtu mpole mwenye mikono midogo, akaniambia, "Bibi, hatuji kuwapiga vita. Tunataka kuwaokoa."

Nikamwambia, "Kwa kutufunga?"

"Kwa kuwapa sababu ya kuacha."

"Sababu tunazo nyingi, Mheshimiwa. Tunachokosa ni kazi nyingine. Kiwanda cha nyama kilipofungwa hamkuleta muswada."

Watu wa juu kwenye roshani wakacheka. Akangoja wanyamaze, akasema, "Sheria hii inawalenga wanaowanyonya."

"Basi waandikwe wao humo. Mimi nimeisoma. Aliyeandikwa humo ni yule rafiki yangu anayenisindikiza nyumbani, kwa sababu tunakaa pamoja. Ni mtoto atakayekula chakula nilichonunua. Mkinikataza kuishi na mwenzangu, nitaishi peke yangu, na siku nikikutana na mtu mbaya hatakuwepo wa kugundua kuwa sijarudi. Tulikuwa na mwenzetu aliyekaa peke yake. Alikaa ndani kwa wiki nzima kabla mtu hajagonga mlango, na aliyegonga alikuwa amefuata kodi."

Hapo hawakucheka. Mheshimiwa Iturbe aliandika kitu, au alichora tu, sikuona. Nikaambiwa asante.

Kura mwezi ujao. Niambie, betri zilikufa?

Nélida


Puerto Ceibal, 17 Aprili 1998

Tero,

Hujaandika. Naenda posta, yule kijana wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafika. Natumai ni boti tu lililoharibika.

Sheria imepita, kwa tofauti ya kura chache. Tulikuwa nje kwenye ngazi, mvua nyembamba ikinyesha, ile isiyosikika. Mtu akatoka akasema, imepita, akafungua mwavuli wake akaenda zake. Hatukupiga kelele. Coca akasema twende tukanywe kitu cha moto, tukaenda. Itaanza kutumika tarehe mosi Juni. Tunaendelea kupinga, kuna wakili, mwanamke mwenye kigugumizi na akili kama wembe, amesema atapeleka kipengele cha nyumba mahakamani.

Nimeota niko jikoni kwetu kisiwani, Mama amenipa mgongo, anakanda unga. Nikamwita. Akageuka, na uso wake ulikuwa redio.

Alisikia?

N.


Laguna Honda, 27 Aprili 1998

Dada mpenzi,

Nisamehe kimya. Boti lilikuwa bovu, ni kweli, lakini si boti peke yake.

Kwanza hali. Maji yamepita kisima. Mizinga nimeipandisha darini. Kuku wanalala juu ya kabati na wanaonekana kulifurahia. Mimi mzima, nina kifua kidogo.

Siku ile nilizitoa betri nikazificha ndani ya buti. Mama akawasha redio, kimya. Akaitikisa, kimya. Akasema, "Basi napanda boti la Prudencio kununua majani ya mate." Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema, "Miguu ninayo." Tukaenda wote. Nilipokaribia nikasikia sauti yako, Nélida. Prudencio ameweka redio yake juu ya magunia ya unga, na wanaume wote wa kisiwa wako sitahani, wamekunja mikono, wanakusikiliza wewe.

Prudencio alipotuona akanyoosha mkono kuizima. Mama akamwambia, "Ukigusa hicho kitufe, sinunui kwako tena hata chumvi."

Akasimama mpaka mwisho, kashika ukingo wa boti. Ulipotaja wiki nzima na mlango, aliinamisha kichwa. Ulipomaliza akakiinua. Mama akasema, kwa sauti ya kila siku, "Amejipunguzia miaka mitatu." Akalipia majani yake, tukarudi.

Nilikasirika, siwezi kukuficha. Sijui nilimkasirikia nani. Usiku ule nikamwambia, Mama, mimi nilitaka kukukinga. Akaniuliza, "Kila Ijumaa nakutuma unichezee namba gani?" Nikasema sabini na nane. Wewe unajua kila ndoto ina namba yake kwenye bahati nasibu yetu: maji moja, kichaa ishirini na mbili, maiti anayesema arobaini na nane. Nimemchezea sabini na nane tangu nikiwa na nywele zote, sikujiuliza. Sabini na nane ni kahaba, Nélida. Miaka yote hiyo Mama alikuwa anakuota, na ananituma mimi niwekee ndoto yake pesa, na nikirudi ananiuliza, imetoka? Namwambia haijatoka. Anasema, itatoka.

Tangu siku hiyo hasemi nami ila ya lazima. Amenikasirikia mimi, si wewe, kwa ajili ya zile betri.

Sasa sikiliza. Maji yakiendelea hivi yataingia chumbani kwake. Boti la walinzi wa mto linakusanya wazee. Nimemwambia ataenda kanisani huko mjini, kwenye magodoro pamoja na wengine. Amesema haendi kanisani, anaenda kwa binti yake. Mpokee gatini. Mimi nabaki na ng'ombe.

Tero


Puerto Ceibal, 13 Mei 1998

Mdogo wangu,

Mama yupo. Amefika salama, na kuku wawili ndani ya kikapu, ambao hukuniambia.

Ukungu ulikuwa mzito gatini, boti likatokea kama linatoka katika fikra ya mtu. Nikaona kilemba chake kwanza. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole gumba juu ya nyusi zangu, akasema, "Umekonda. Twende, baridi."

Hatujalizungumza lile. Ana siku kumi hapa, na nyumba imebadilika harufu. Mvua ikinyesha anakaanga maandazi ya mafuta ya ng'ombe, na Coca, ambaye hamwogopi mtu, anakaa kimya mezani akingoja lake kama mtoto wa shule. Mama anamwita "binti yangu mwenye kifua cha ng'ombe dume" kwa ile sauti, na Coca anafurahi. Abril analala mapajani mwake. Mchana mwanga wa jikoni unakuwa wa kijivu laini, hakuna anayesema, sindano za kufumia zinagongana taratibu, nami nasinzia nikiwa nimesimama, nikidhani niko huko kwetu na mto unapita chini ya sakafu.

Jana jioni nilivaa koti nitoke. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kule unakosimama, unaogopa?"

Nikasema, kuna siku naogopa.

"Anakusindikiza nani kurudi?"

Nikasema, Coca.

Akamwita Coca, akamfunga kitambaa chake cha sufu shingoni, akasema, "Mrudi pamoja." Basi.

Usife na hao ng'ombe. Andika.

Nélida


Kwenye tuta la reli ya zamani, 25 Mei 1998

Dada,

Naandikia juu ya mgongo wa Prudencio, anatumika kama meza, anakusalimu.

Niko tutani na ng'ombe na watu wa visiwa vyote. Nyumba imebaki paa. Maji hayana kelele, ndiyo yanashangaza. Asubuhi yanakuwa meupe na mbingu nyeupe, huoni yanapokutana, na vitu vinapita vimening'inia katikati: mlango, benchi la kanisa, maboga, kitanda kimetandikwa. Juzi nilimwona ng'ombe wangu mmoja aliyepotea anakuja anaogelea polepole kutoka upande wa jua, nikadhani nimelala.

Mwambie Mama nyuki wamepona.

Tarehe mosi inakaribia. Mhamishe Mama, Nélida. Mpeleke kanisani na wenzake, maji yakishuka nitamfuata. Ana miaka themanini na moja. Ugomvi wako na hao watu ni wako, sisemi kuwa ni mbaya. Ila yeye asiwemo.

Tero


Puerto Ceibal, 12 Juni 1998

Mdogo wangu Eleuterio,

Usiogope unapoanza kusoma. Mama ni mzima, amekula, ananisimamia hapa ili nisikose kuandika kuwa amekula.

Nilimwambia kuhusu kuhama. Akasema, "Mwambie Tero achunge ng'ombe." Basi akawa bado yuko hapa walipokuja, Jumatatu, saa tisa mchana. Inspekta na askari watatu. Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani na Abril, Zulma anaanika nepi, mimi namenya mihogo. Coca hakuwepo, walishamkamata Jumamosi pale kona ya stesheni.

Inspekta akauliza, "Mkubwa wa nyumba hii ni nani?"

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Mkubwa ni mimi. Kwani huoni?"

"Bibi, namaanisha anayeongoza hapa."

"Ndiyo hivyo. Nina miaka themanini na moja. Hapa hakuna aliyenizidi."

"Na hawa?"

"Huyu binti yangu. Yule naye binti yangu. Huyo anayekojolea shati lako ni mjukuu, mrudishe, utamwangusha."

Maana Mama alikuwa amempa Inspekta mtoto ampakate bila yeye kugundua. Zulma akamchukua. Inspekta akajipangusa, akasema, "Bibi, unajua wanawake hawa wanafanya kazi gani?"

"Waulize wao, wana midomo."

"Na wewe unakula kwa pesa zao?"

"Nakula vizuri sana," Mama akasema. "Jana tulikula samaki."

Nikasema, mkataba una jina langu, mwacheni, haoni. Inspekta alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sijui kama ni hasira au aibu. Ukishasema kitu mbele ya askari wako watatu, kukirudisha ni vigumu. Akasema aliyejitaja ni yeye, na sheria haina umri. Mama akaomba avae viatu. Tukamngoja sote, askari pia, wakitazama ukutani, akivifunga polepole.

Walitupeleka wote, na Abril. Wakabandika karatasi mlangoni.

Tulikaa kwenye benchi la rumande, dirisha liko juu, ukungu unaingia kidogo kidogo. Mama akanishika mkono akaniambia jambo la ujana wake, la mwaka ule Baba alipozama na sisi tukiwa wadogo, na la mwenye shamba la ng'ombe aliyetupa unga. Sitakuandikia. Ukimuuliza yeye mwenyewe huenda akakujibu, huenda asikujibu. Alipomaliza kusema alilala begani mwangu, mwepesi kama nguo iliyokauka, na mimi nikabaki macho nikisikiliza pumzi yake, na sikumbuki siku nyingine maishani mwangu nilipokuwa na amani namna ile, na niko ndani.

Kamanda wa kituo aliporudi akamwona, akamwita Inspekta pembeni, tukasikia maneno yasiyofaa kanisani. Akaja kwa upole, "Bibi, samahani. Wewe nenda nyumbani."

Mama akasema, "Nyumbani wapi? Mmepafunga."

"Tutakutafutia pa kulala."

"Nitalala na binti zangu. Mkiwatoa, nami nitatoka."

Huko nje watu walishaanza kupiga sufuria kutaka tutolewe. Wenzetu wa stesheni, wa bandarini, hata mke wa mwoka mikate, ambaye hajawahi kuniitikia salamu, alikuja na trei ya bati na mti wa kusukumia chapati, anapiga kuliko wote. Kesho yake adhuhuri yule wakili wetu alisimama mbele ya hakimu, kigugumizi kikamshika kwenye neno kuwadi. Akalirudia, likamkwama, akalirudia, na kila aliporudia hakimu alimtazama Mama aliyekuwa anafuma. Kipengele cha nyumba kimesimamishwa mpaka Bunge likipitie upya. Karatasi ya mlangoni nimeibandua mwenyewe.

Kipengele cha barabara kimebaki. Jana Coca kapewa siku zake thelathini, yuko jela ya wanawake, na baridi hii. Mama anamfumia soksi. Mimi bado nasimama pale kona, na sasa narudi peke yangu, na Mama hulala nikishaingia.

Picha imetoka gazetini: Mama, mimi, Zulma na mtoto, majina yetu yote chini. Najua itafika visiwani. Niwie radhi kwa hilo, mdogo wangu. Kwa hilo tu.

Nélida


Laguna Honda, 3 Julai 1998

Dada mpenzi,

Maji yameshuka. Yameacha tope laini la rangi ya shaba mpaka kiunoni mwa kuta, na ndani ya tanuri nimekuta kobe yu hai. Nimempeleka mtoni. Nyumba inasimama. Mizinga yote imerudi chini, na nyuki wanatoka mchana wakizungukazunguka kama wanaouliza miti ilikokwenda.

Gazeti lilifika. Lilikuwa kwa Prudencio, linapita mkono kwa mkono, na nilipopanda sitahani likafichwa chini ya gunia. Mtu mmoja, humjui, mnunuzi wa ngozi kutoka upande wa juu wa mto, akacheka, "Mmesikia? Mjini wamemkamata ajuza wa miaka themanini anaendesha danguro." Wengine wakaangalia maji.

Miaka yote, Nélida, nikisikia maneno ya namna hiyo najishughulisha na kamba. Nilitafuta kamba, ilikuwepo. Nikaiacha. Nikamwambia, "Ajuza huyo ni mama yangu. Na aliye kulia kwake ni dada yangu. Lisome lote, kwa sauti, mimi miwani sina." Hakutaka. Prudencio akalitoa, akalisoma yeye, mpaka jina la mwisho. Yule mtu akasema hakujua. Nikamwambia, sasa unajua. Kisha nikaiweka mikono mifukoni.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na moja, siku anayotoka Coca. Usinisubiri gatini, wala kule mgahawani kwenye stesheni tunakokutana siku zote. Nataka kufika nyumbani kwako. Ila nilipokaa kupanga safari ndipo nimegundua kitu: tangu ulipoondoka nakuandikia kwa sanduku la posta. Sijui mtaa. Sijui mlango una rangi gani.

Usihangaike kunijibu, barua haitawahi. Nitashuka botini, nitauliza mtu wa kwanza nitakayemwona, nyumba ya Nélida Gauna ni ipi.

Eleuterio